Polisi, kampuni za mitandao au darasa: serikali ishike wapi ili uonevu wa mtandaoni upungue kwa wanafunzi?

Stika ilitengenezwa Jumapili jioni. Mtu alichukua picha ya msichana wa kidato cha pili aliyesinzia mdomo wazi kwenye basi la safari ya shule, akaikata, akaiwekea maneno mawili ya kukejeli rangi ya ngozi yake, akaitupa kwenye grupu la WhatsApp la darasa. Jumatatu asubuhi ilikuwa imeshafika kidato cha nne. Jumatano mtoto hakuja shule. Alhamisi mama yake aliingia ofisini kwangu, akakaa, akanipa simu niione mwenyewe, kisha akauliza: "Mwalimu, hili nalipeleka wapi?"

Mimi ni mwalimu wa malezi na ushauri katika shule ya sekondari ya kutwa, na swali hilo nimeulizwa mara nyingi. Wiki iliyofuata tuliitisha kikao cha wazazi. Baba mmoja alitaka waliohusika wafikishwe polisi siku hiyohiyo, maana sheria ipo. Mwingine alisema wa kubanwa ni wenye mitandao, wanaovuna fedha huku watoto wanaumia. Wa tatu alitaka watoto wasiguse simu kabisa mpaka wamalize kidato cha nne. Bibi mmoja anayelea wajukuu wawili alisubiri watu watulie, akasema: "Na hao waliocheka ni watoto wetu. Nani anawafundisha wasicheke?"

Kila mmoja wao alikuwa ametaja njia ambayo kuna nchi imekwisha kuijaribu. Naziweka hapa upande kwa upande, kwa ajili ya mzazi, mjumbe wa bodi ya shule au diwani anayetaka kujua aidai serikali kitu gani hasa. Maana kusema "serikali ifanye kitu" ni rahisi. Mwaka 2019 UNICEF, shirika la Umoja wa Mataifa la watoto, iliwauliza zaidi ya vijana 170,000 katika nchi 30. Mmoja kati ya watatu alisema ameshaonewa mtandaoni, na mmoja kati ya watano alisema amewahi kukosa shule kwa sababu hiyo. Walipoulizwa nani mwenye jukumu la kukomesha jambo hili, asilimia 32 walisema serikali, asilimia 31 walisema vijana wenyewe, asilimia 29 walisema kampuni za intaneti. Mizani ilikaribia kulingana kabisa. Mimi nawaelewa: anayeumia hajui mlango upi utafunguka.

Jibu langu mwenyewe nalitoa mapema. Ndiyo, serikali inaweza kupunguza uonevu huu. Ila njia ambayo serikali zetu zimeitegemea zaidi ndiyo inayomfikia mtoto kwa shida kuliko zote.

Njia ya adhabu

Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Kifungu cha 23 kinasema anayemtumia mwenzake ujumbe wa kielektroniki kwa nia ya kumshurutisha, kumtisha, kumsumbua au kumtia maumivu ya moyo ametenda kosa. Faini yake haipungui shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Kenya ina sheria yake ya mwaka 2018 kuhusu matumizi mabaya ya kompyuta na makosa ya mtandao, na kifungu chake cha 27 kinampa mkosaji faini isiyozidi shilingi milioni 20 za Kenya au kifungo kisichozidi miaka 10.

Ukizisoma pamoja utaona tofauti moja kubwa: Tanzania imeweka sakafu, Kenya imeweka dari. Hakimu wa Kenya anaweza kushuka mpaka chini kabisa akiona mbele yake amesimama mtu aliyeteleza mara moja. Kwa Tanzania, herufi ya kifungu inaanzia juu.

Sasa mlete mtengeneza stika. Ana miaka 14. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto asihukumiwe kifungo gerezani, kwa hiyo ile miaka 3 haimhusu. Milioni 5 atazitoa wapi? Kesi yake ni ya Mahakama ya Watoto, yenye utaratibu wake wa kumlinda hata yeye aliyekosea, na mimi naona ni haki iwe hivyo. Kenya nayo, kupitia Sheria ya Watoto ya mwaka 2022, ilipandisha umri wa kuwajibika kwa jinai mpaka miaka 12. Nchi zote mbili zimeandika adhabu nzito kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili zikamkinga mtoto asifikiwe na uzito huo. Kinachobaki ni tishio, na watoto huligundua mapema kwamba ni tishio tu. Nimeshamsikia mwanafunzi akimwambia mwenzake kwenye korido: "Nishtaki basi."

Lipo na tatizo la pili, la anayeumia. Utafiti uliofanywa Tanzania na Kenya na UNICEF pamoja na ECPAT (mtandao wa mashirika yanayopinga unyonyaji wa kingono wa watoto) na INTERPOL (shirika la polisi la kimataifa), kuhusu watoto wanaonyanyaswa kingono kupitia mtandao, ulikuta kwamba waliokutwa na mambo hayo ni nadra kwenda polisi au kupiga namba ya msaada. Wakisema, humwambia rafiki. Hapo tunazungumzia jambo zito kuliko stika. Kama kwa hilo mtoto haendi kituoni, kwa stika ataenda?

Adhabu ikiandikwa kwa pupa huwa na hatari nyingine. Jimbo la Nova Scotia nchini Kanada lilipitisha sheria ya usalama wa mtandao mwaka 2013, wiki chache baada ya kifo cha msichana aliyekuwa ameandamwa kwa picha yake. Uchungu wa watu ulikuwa wa haki, lakini maneno ya sheria yalikuwa mapana mno. Desemba 2015 mahakama iliifuta yote, na jimbo likaanza upya. Kenya nayo, Rais William Ruto alisaini marekebisho ya sheria ya 2018 mwezi Oktoba 2025, na mwezi huohuo Mahakama Kuu ikasimamisha kwa muda sehemu za kifungu cha 27 baada ya watu kulalamika kwamba zinabana uhuru wa kusema. Sheria inayoweza kutumika dhidi ya mkosoaji wa serikali leo haitamlinda msichana wa kidato cha pili kesho, kwa sababu itakuwa mahakamani ikijitetea.

Sisemi adhabu haina kazi. Mtu mzima anayemtisha mwanafunzi kwa picha za utupu, anayetaka fedha ili asizivujishe, anayefungua akaunti feki kwa jina la mtoto, huyo ni wa polisi, na Dawati la Jinsia na Watoto ndiyo mahali pa kuanzia. Kwa hilo kifungu kikali kinastahili ukali wake.

Ufaransa imekwenda mbali zaidi kwa adhabu. Tangu Machi 2022 uonevu wa shuleni, wa ana kwa ana na wa mtandaoni, ni kosa la jinai linalojitegemea, na likisababisha mtoto kujiua au kujaribu kujiua, adhabu inaweza kufika miaka 10 na faini ya euro 150,000. Lakini kilichonigusa mimi huko ni amri ndogo ya Agosti 2023: katika shule za msingi, mkuu wa shule na mamlaka za elimu wakishindwa kumrekebisha mtoto anayeonea wenzake, anaweza kuhamishwa shule yeye, hata wazazi wake wasipotaka. Kabla ya hapo, aliyekuwa akihama mara nyingi ni aliyeonewa. Fikiria shule unazozijua. Nani huhama?

Njia ya kuzibana kampuni

Mwaka 2015, uleule Tanzania ilipopitisha sheria yake, Australia ilifungua ofisi ya Kamishna wa usalama wa watoto mtandaoni, inayojulikana leo kwa jina la eSafety. Mwelekeo wao ulikuwa tofauti. Waliuliza kwanza: kitu hiki kinaondokaje kwenye skrini? Mtoto au mzazi analalamika kwanza kwa mtandao wenyewe. Zikipita saa 48 bila hatua, analeta lalamiko kwa Kamishna. Kamishna akiridhika kwamba ni uonevu mzito, anaupa mtandao amri ya kuondoa. Mwanzoni mitandao ilipewa saa 48 kutii. Sheria ya Usalama Mtandaoni ya mwaka 2021 imezipunguza kuwa 24.

Kamishna anaweza pia kumwandikia aliyeweka kitu hicho, akamtaka akiondoe, aache, na aombe radhi. Hilo la mwisho nililisoma mara mbili. Ofisi ya serikali inayomwambia mtoto "kaombe radhi" inafanya kazi ambayo kwetu ingefanywa na mjumbe wa nyumba kumi au shangazi mwenye busara.

Je, ingefika kwenye stika yetu? Kwa sehemu. Akaunti ya Instagram iliyofunguliwa kumkejeli mtu au video ya TikTok ina mahali ilipo, na ikishushwa imeshuka. Stika iliyokwisha kuhifadhiwa kwenye simu 60 haina mahali pamoja pa kushushwa. Wanafunzi wetu wanaishi ndani ya magrupu, na mtandao wenyewe hauwezi kusoma yaliyomo humo.

Jambo la pili ni nguvu ya mezani. Australia ni soko tajiri. Ikiagiza, kampuni inasikiliza. Nchi yetu moja ikiagiza peke yake, sina hakika na kasi ya jibu. Hili ni la kupelekwa kwa pamoja, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ndiyo meza iliyopo. Hapa nyumbani tayari tuna mfano kwamba mlango mdogo wa haraka unawezekana: TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, iliweka namba 15040 ili mtu akitumiwa ujumbe wa "ile pesa tuma kwa namba hii" aupeleke hapo na namba ya tapeli ishughulikiwe. Kwa utapeli wa fedha tuliweza. Sioni kwa nini kudhalilishwa kwa mtoto kusiwe na namba fupi ya namna hiyo, nyuma yake kukiwa na watu waliofundishwa.

Njia ya marufuku

Hii nitaipita haraka, ingawa ndiyo iliyopigiwa makofi kwenye kikao chetu. Kuanzia tarehe 10 Desemba 2025 Australia imezitaka Instagram, TikTok, Snapchat, YouTube na nyingine kadhaa zisiwape akaunti walio chini ya miaka 16. Kampuni isiyochukua hatua za kuridhisha inaweza kutozwa faini ya mpaka dola milioni 49.5 za Australia, na mtoto na mzazi hawaadhibiwi. WhatsApp haimo. Mapema ni mno kujua uonevu umepungua kwa kiasi gani, lakini kwa mwanafunzi wa Temeke au Kisumu, ambaye mkutano wake wote uko WhatsApp, marufuku ya aina hiyo ingemkuta kando.

Na marufuku ya simu shuleni sisi tunayo tayari, miaka mingi kabla Ufaransa haijaifanya sheria mwaka 2018. Shule nyingi za Tanzania na Kenya mwanafunzi akikutwa na simu inachukuliwa, na mzazi huitwa. Inasaidia darasa kutulia. Stika, hata hivyo, ilitengenezwa Jumapili, nyumbani, kwenye simu ya mama mtu.

Njia ya darasa

Finland ilianza na swali la yule bibi. Mwaka 2006 Wizara ya Elimu ilikipa Chuo Kikuu cha Turku fedha za kutengeneza mpango wa nchi nzima. Aliyeuongoza ni Profesa Christina Salmivalli, ambaye alikuwa amechunguza kwa miaka mingi wanafunzi wanaosimama pembeni wakati mwenzao anaonewa. Alichokiona ni kwamba anayeonea anatafuta cheo mbele ya watu. Wakicheka, amekipata. Wasipocheka, au mmoja akienda kukaa na aliyeonewa, faida inaisha. Mpango wakauita KiVa, kifupisho cha maneno ya Kifini yenye maana ya "dhidi ya uonevu", na neno lenyewe kwa Kifini maana yake ni "zuri".

Una sehemu mbili, na inafaa nizieleze kwa urefu kwa sababu ndizo tunazoweza kuzichukua.

Ya kwanza ni masomo kwa darasa zima, ya mwaka mzima, saa kama 20: kuzungumza, kuigiza, kufanya mazoezi ya nini cha kufanya unapoona mwenzako anaonewa. Ya pili ni kikosi cha walimu kama watatu kila shule, wanaoshughulikia tukio likitokea. Wanazungumza na aliyeonewa. Wanazungumza na waonevu, mmojammoja na kisha pamoja, na wanakubaliana nao kitu gani kitabadilika. Baadaye wanarudi kuangalia kama kimebadilika. Na kuna kitendo kimoja ambacho wengi hatukifikirii: mwalimu wa darasa anawachagua wanafunzi wawili mpaka wanne wenye hadhi kwa wenzao, anawaomba faraghani wasimame na aliyeonewa. Hawaombwi kupigana wala kuchongea. Wanaombwa kukaa naye.

Kabla ya kuusambaza waliupima kati ya mwaka 2007 na 2009 katika shule 234, nusu zikitumia mpango na nusu zikisubiri. Uonevu ulipungua zaidi kwenye shule zilizoutumia, na ule wa mtandaoni ulipungua pia, ingawa masomo hayakulenga simu peke yake. Matokeo yalikuwa mazuri zaidi kwa watoto wa madarasa ya chini kuliko kwa vijana wa madarasa ya juu. Ulipoenea nchi nzima kuanzia 2009, faida iliendelea kuonekana lakini ilikuwa ndogo kuliko kwenye majaribio. Nayasema haya yote kwa sababu sitaki mtu aende wizarani akadhani Finland imemaliza tatizo. Imelipunguza, na imeweza kuonyesha kwa namba kwamba imelipunguza. Kati ya njia zote nilizozipitia hapa, hii ndiyo iliyopimwa kwa uangalifu wa namna hiyo.

Kikwazo chetu nakijua kwa mwili wangu. Darasa lina wanafunzi 70. Mwalimu wa malezi ana vipindi vyake vya somo kama wengine, na ushauri anaufanya wakati wa mapumziko, chini ya mwembe, kwa sababu chumba hakuna. Finland haina madarasa ya namna hiyo. Masomo ya saa 20 kwetu yangegombea nafasi na mtihani wa taifa, na yangeshindwa. Lakini kikosi cha walimu watatu kwa kila shule, waliopata mafunzo ya siku chache na kupunguziwa vipindi, hakihitaji jengo wala kompyuta. Kinahitaji waraka kutoka wizarani na bajeti ya mafunzo.

Zikiwekwa pamoja

Kwa kasi, njia ya Australia inashinda pale kitu kilipo hadharani. Ya Finland inachukua siku kadhaa kwa tukio moja na miaka kwa shule nzima. Ya polisi na mahakama ndiyo ndefu kuliko zote, na mtoto hubaki darasani na waliomuumiza muda wote huo.

Kwa gharama, sheria ya adhabu inaonekana ya bure, na naamini ndiyo maana inapendwa. Kuandika kifungu ni rahisi kuliko kuajiri. Ofisi ya kushughulikia malalamiko inataka wataalamu wa kudumu. Njia ya darasa inataka fedha kila mwaka, kwa sababu walimu huhamishwa na wanafunzi wapya huingia.

Mtoto aliyeumizwa anapata nini? Polisi inampa kesi. Kamishna anampa skrini safi. Darasa linampa mtu wa kukaa naye. Nimekaa na watoto hawa kwa miaka, na wengi hawaniombi mwenzao afungwe. Wanauliza watakula chakula cha mchana na nani.

Na aliyeumiza? Hapa ndipo tofauti ilipo kubwa kwangu kama mwalimu, kwa sababu yeye pia ni mwanafunzi wangu. Mahakama itamfundisha kuogopa kukamatwa, na atahamia kwenye akaunti isiyo na jina. Marufuku itamfundisha kuazima simu. Njia inayomkalisha uso kwa uso na alichofanya, kisha ikamrudia baada ya wiki mbili kuona kama ametimiza ahadi, ndiyo pekee inayombadilisha yeye.

Kwa hiyo, kama wewe ni mbunge au diwani na una nafasi ya kudai jambo moja tu, dai kikosi cha walimu watatu kila shule, kuanzia shule za msingi, kwa sababu ndiko kinakozaa zaidi. Ukipata la pili, dai namba fupi na ofisi yenye mamlaka ya kuamuru kitu kishushwe ndani ya saa 24. Kifungu cha 23 kibaki, lakini kirekebishwe ili mtoto anayemkosea mtoto mwenzake apelekwe kwanza kwa afisa ustawi wa jamii na shule, na ukali ubaki kwa watu wazima. Kama wewe ni mjumbe wa bodi, chukua ile kanuni ya Ufaransa bila kusubiri mtu: andikeni kwenye kanuni za shule kwamba aliyeonewa hatakuwa wa kwanza kushauriwa kuhama.

Na kama wewe ni mzazi na jambo limekukuta usiku huu, usifute chochote kwanza. Piga skrinishoti zenye tarehe na namba za waliotuma, ripoti ndani ya programu yenyewe, mwambie mwalimu wa malezi asubuhi, na piga 116, ni bure, Tanzania na Kenya. Kama kuna picha ya utupu, au kuna mtu mzima nyuma yake, nenda Dawati la Jinsia na Watoto, na hizo picha usimtumie mtu yeyote, hata kama unataka kuonyesha ushahidi.

Mama wa yule msichana nilimpa majibu hayo, nikaona uso wake haujatulia. Basi tulijaribu na kipande cha Finland. Niliwaita wasichana watatu ambao darasa linawasikiliza, nikawaomba. Jumatatu mmoja wao alimsubiri kituo cha daladala, wakaingia getini pamoja. Kijana aliyetengeneza stika alikuja na mama yake, akaomba radhi huku anaangalia sakafu; wiki mbili baadaye nilimwita tena, na safari hiyo aliangalia juu. Stika bado imo kwenye simu za watu, sikuweza kuitoa. Msichana yuko kidato cha tatu sasa, na bado anakaa dawati moja na yule aliyemsubiri kituoni.